Idadi ya Watu na Fungu la Kila Mtoto

Mwishoni mwa mwaka 2021 Tanzania nzima ilikuwa inachanganya zege. Shilingi trilioni 1.3 za mkopo wa kukabiliana na UVIKO-19, kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, zilikuwa zimeshuka hadi kwenye halmashauri, na kila mkuu wa wilaya alikuwa na tarehe yake ya kukabidhi madarasa. Yalipangwa madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi vya shule za msingi. Januari 2022 watoto waliofaulu darasa la saba wakaingia kidato cha kwanza kwa mkupuo mmoja, bila ile desturi ya wengine kubaki nyumbani wakisubiri awamu ya pili kwa sababu hakuna pa kukaa.

Mwaka haujaisha, zikatafutwa shilingi bilioni 160 nyingine kwa ajili ya madarasa 8,000. Haja hiyo haikushukia watu kutoka mawinguni. Watoto walioandikishwa darasa la kwanza mwaka 2016, mwaka wa kwanza wa elimu bila malipo, walikuwa wanamaliza darasa la saba, na yeyote aliyetazama daftari la uandikishaji la mwaka ule alikuwa na miaka saba ya kujiandaa. Gawanya fedha hizo kwa madarasa: shilingi milioni 20 kwa kila chumba. Mshahara wa mwalimu haumo, maabara haimo, kitabu hakimo. Ni gharama ya kumpa mtoto paa la kusomea, na mwaka unaofuata anakuja mwingine nyuma yake, na mwingine.

Mjadala wa idadi ya watu na maendeleo kwa kawaida huendeshwa na pande mbili zisizosikilizana. Upande mmoja unasema tunazaliana kupita kiasi, ndiyo maana hatutoki kwenye umaskini. Wa pili unasema watu ndio mtaji, ardhi ipo, China ilipata nguvu kwa wingi wake. Pande zote mbili zinahesabu vichwa. Mimi naona tukihesabu fungu tutaelewana haraka zaidi, yaani kile ambacho familia na taifa vinaweza kuweka kwa kila mtoto kabla hajafikia umri wa kujitegemea: chakula, chanjo, mwalimu, muda wa mama, na baadaye kazi. Wingi wa watu unaweza kukuza fungu hilo au kulipunguza. Inategemea umri wa watu hao, kasi ya ongezeko lao, na kama wasichana wao wamekaa shuleni.

Tuanze na takwimu zenyewe. Sensa ya 1967, ya kwanza baada ya Uhuru, ilihesabu watu milioni 12.3. Mwaka 1978 walikuwa milioni 17.5, mwaka 2002 milioni 34.4, mwaka 2012 milioni 44.9. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 tulihesabiwa tukawa 61,741,120. Katika miaka 55 nchi imejizidisha mara tano. Jambo lililowashtua wataalamu ni kasi: kati ya 2002 na 2012 watu waliongezeka kwa asilimia 2.7 kwa mwaka. Kati ya 2012 na 2022 kasi ikapanda hadi asilimia 3.2. Nchi inayokwenda kwa asilimia 3.2 hujizidisha mara mbili kwa miaka 22 hivi. Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba ifikapo 2050 Tanzania itakuwa na watu wapatao milioni 130, na unaitaja miongoni mwa nchi nane zitakazobeba zaidi ya nusu ya ongezeko lote la watu duniani hadi mwaka huo.

Mwalimu Nyerere aliliona jambo hili mapema kuliko tunavyopenda kukumbuka. Mwaka 1969, akiutambulisha Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano mbele ya mkutano wa TANU, alizungumzia ongezeko la watu wapatao 350,000 kila mwaka. Hakuliogopa, kwa kuwa nchi ilikuwa kubwa na ardhi tele. Lakini aliwakumbusha wajumbe kwamba watu hao 350,000 ni watoto wachanga na si wafanyakazi, na kwamba binadamu anapita wanyama kwa uwezo wa kulea na kusomesha, wala si kwa uwezo wa kuzaa. Hoja ya fungu ilikuwa pale pale, imesemwa na mtu aliyeamini katika watu kuliko wengi wetu. Ilichukua hadi 1992 ndipo nchi ikapata sera rasmi ya idadi ya watu, na sera hiyo ikapitiwa upya mwaka 2006.

Wanaosema wingi wa watu ni laana wana babu yao, Thomas Malthus, kasisi wa Kiingereza aliyeandika mwaka 1798 kwamba watu huongezeka haraka kuliko chakula, hadi njaa na maradhi viwapunguze. Historia ya karne mbili zilizofuata haikumtendea wema. Mwaka 1965 mchumi wa Denmark, Ester Boserup, aligeuza hoja: watu wanapobanana, alisema, hulazimika kubuni njia bora za kulima, na wakiwa wachache wakiwa na ardhi kubwa hawana sababu ya kujisumbua.

Kuna mahali hapa kwetu ambapo Boserup angeweza kusimama na kuonyesha kwa kidole. Katika Ziwa Victoria, kaskazini mwa Ukerewe, kipo kisiwa kidogo cha Ukara. Wakazi wake walibanana tangu kabla ya ukoloni, wakabuni kilimo ambacho maafisa wa Kijerumani na Kiingereza walikishangaa. Ng'ombe walifungiwa ndani na kuletewa majani, mbolea yao ikakusanywa na kubebwa kichwani hadi shambani. Mimea ya kurutubisha udongo ilipandwa katikati ya mtama na uwele, na hata miti ilikuwa na wenyewe. Shamba halikupumzishwa, kwa kuwa hapakuwa na shamba la kuhamia. Lakini Wakara waliohama kisiwa wakaenda Usukumani, kwenye mbuga pana, waliacha kazi hiyo yote. Walilima kama wenyeji wao, kwa kupanua shamba badala ya kulirutubisha. Ujuzi ulikuwa bado mikononi mwao. Ulazima ndio uliobaki kisiwani. Huko Machakos nchini Kenya nako, watu waliongezeka takriban mara sita kati ya miaka ya 1930 na 1990, na milima ambayo wakoloni waliitangaza kuwa imekufa kwa mmomonyoko ikawa na matuta, miti na mavuno zaidi kwa kila mtu.

Mifano hii ni ya kweli na tuna haki ya kujivunia. Lakini wanaoitumia kusema kwamba wingi utajitatua wenyewe wanaruka sehemu ya pili ya habari. Machakos ilikuwa na soko la Nairobi karibu, na wanaume wake walituma mishahara ya mjini ikalipia matuta. Ukara ilinusurika kwa kazi ngumu kupindukia, na kwa kuwatoa watoto wake kila kizazi kwenda kuishi kwingine. Kilimanjaro inaonyesha mpaka wa hoja hii waziwazi zaidi. Kihamba cha Mchaga, chenye migomba, kahawa, miti mirefu juu na maji ya mfereji, ni miongoni mwa kilimo kizuri kabisa kilichowahi kubuniwa Afrika. Kimelisha watu wengi kwenye ardhi ndogo kwa vizazi. Kisha kikagawanywa kwa watoto wa kiume, na wajukuu, hadi kijana anarithi kipande ambacho ukijenga nyumba, kaburi la babu na zizi, hakibaki cha kulima.

Walifanya nini wazee wa Kilimanjaro walipoona hivyo? Walihamishia urithi shuleni. Kahawa ililipa ada, makanisa yakajenga shule, na mtoto asiyepata kihamba alipewa cheti na nauli ya basi. Na baada ya kizazi kimoja au viwili, idadi ya watoto kwa kila mama ikashuka, bila amri ya mtu. Leo Kilimanjaro ni miongoni mwa mikoa yenye uzazi mdogo kabisa nchini. Kati ya sensa mbili za mwisho mkoa huo ulitoka watu milioni 1.64 hadi milioni 1.86 tu. Geita, katika miaka kumi hiyo hiyo, ilitoka takriban milioni 1.7 hadi karibu milioni 3. Kweli, dhahabu imeivutia Geita wahamiaji, na Kilimanjaro inasafirisha vijana wake kila Januari baada ya sikukuu. Hata hivyo pengo ni kubwa mno kuelezwa kwa mabasi peke yake.

Turudi kwenye fedha. Kwa miaka mingi ya karne hii uchumi wa Tanzania umekua kwa wastani wa asilimia sita hivi, na mwaka 2020 Benki ya Dunia ikatuingiza kundi la nchi za kipato cha kati cha chini. Ukitoa asilimia tatu na kitu za ongezeko la watu, ukuaji unaobaki kwa kila mtu ni nusu au chini ya nusu. Ndiyo maana barabara zinaongezeka, umeme unafika, na bado mama wa Kwimba au Nanyumbu anauliza uchumi huo umekua wapi. Tazama umaskini: mwaka 2011/12 asilimia 28.2 ya watu wa Tanzania Bara waliishi chini ya mstari wa mahitaji ya msingi. Mwaka 2017/18 walikuwa asilimia 26.4. Asilimia imeshuka, lakini idadi ya maskini wenyewe imepanda, kutoka takriban milioni 12 hadi karibu milioni 14. Kila aliyevuka mstari alimwacha nyuma zaidi ya mtu mmoja aliyezaliwa au kuporomokea upande ule. Hiyo haimaanishi kwamba watoto ndio walioleta umaskini. Tija ya jembe la mkono, bei ya pamba, mbegu na pembejeo zinazochelewa: hivyo ndivyo vinavyoleta umaskini. Kasi ya uzazi inafanya kazi ya kuutoa iwe ndefu zaidi.

Zaidi ya Watanzania 40 katika kila 100 wana umri chini ya miaka 15. Watu 100 walio katika umri wa kufanya kazi wanawabeba zaidi ya 80 ambao ni watoto au wazee, na kwa sehemu kubwa ni watoto. Hapo ndipo fungu linapobanwa. Mzazi mwenye watoto wawili na mzazi mwenye sita wanaweza kuwa na kipato sawa na upendo sawa. Wa pili atachagua nani aendelee na shule, na tunajua mara nyingi anachaguliwa nani.

Lakini kwa nini watu wanazaa wengi? Hapa ndipo wapangaji wa mijini hukosea adabu, wakidhani mwanamke wa kijijini hajui hesabu. Anaijua. Mwaka 1999 watoto 147 kati ya kila 1,000 waliozaliwa Tanzania walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Katika nchi ya namna hiyo, anayezaa wawili anacheza na bahati. Mwaka 2004/05 vifo hivyo vilikuwa 112, mwaka 2015/16 vilikuwa 67, na utafiti wa afya wa mwaka 2022 ukakuta 43. Chandarua, chanjo ya surua, dawa ya mseto ya malaria na zahanati zilizo karibu zimefanya jambo ambalo ni miongoni mwa mafanikio makubwa ya nchi hii tangu Uhuru, na nasikitika kwamba tunalizungumza kidogo sana. Hilo ndilo pia linaloeleza kasi ya ongezeko la watu: watoto waliokuwa wanakufa sasa wanaishi, na uzazi umeshuka polepole nyuma ya vifo. Mwaka 1991/92 mwanamke wa Tanzania alizaa kwa wastani watoto zaidi ya sita. Mwaka 2022 ni 4.8, mijini 3.6 na vijijini 5.5. Tuko katikati ya daraja. Kila nchi iliyotajirika imelivuka, na swali ni muda unaotumika humo katikati.

Jirani yetu wa kaskazini anatufundisha kuhusu muda huo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Kenya ilikuwa gumzo la dunia: wastani wa watoto 8.1 kwa kila mwanamke, watu wakiongezeka kwa karibu asilimia nne kwa mwaka. Ilikuwa imeanzisha mpango wa taifa wa uzazi wa mpango mwaka 1967, mapema kuliko nchi nyingine za kusini mwa Sahara, na kwa miaka kumi na zaidi mpango huo ulionekana haufui dafu. Kisha, katikati ya miaka ya 1980, mambo yakageuka: 6.7 mwaka 1989, 5.4 mwaka 1993, 4.7 mwaka 1998. Baada ya hapo ukaja mkwamo wa miaka kadhaa, wakati fedha za huduma hiyo zilipopungua na UKIMWI ukachukua nafasi yote. Safari ikaendelea hadi 3.4 mwaka 2022. Tanzania na Kenya zilianza zikiwa karibu: milioni 17.5 kwetu mwaka 1978, milioni 15.3 kwao mwaka 1979. Sensa yao ya 2019 ilihesabu milioni 47.6.

Nini kiliwatofautisha? Ardhi nzuri ya Kenya ilijaa mapema, na hilo lina uzito. Lakini sababu ninayoipa nafasi ya kwanza ni shule za sekondari. Azimio la Musoma la 1974 lilitupeleka kwenye elimu ya msingi kwa wote, hatua ya kishujaa kwa nchi maskini, huku sekondari zikibaki chache kwa makusudi, zikipimwa kwa mahitaji ya ajira serikalini. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zenye sehemu ndogo kabisa ya vijana walio sekondari duniani. Kenya nayo ilikuwa imejaa shule za harambee, nyingi zikiwa duni, zimejengwa kwa michango ya wazazi, lakini zilimweka msichana darasani hadi miaka 17 au 18. Tofauti hiyo inaonekana hadi leo ndani ya nchi yetu wenyewe. Utafiti wa 2015/16 ulikuta mwanamke asiyesoma kabisa ana wastani wa watoto 6.9; aliyefika sekondari au zaidi, 3.6. Shule za kata zilizoanza kuchipuka baada ya 2004 zilibezwa sana kwa kukosa walimu na vitabu, na lawama hizo zilistahili. Hata hivyo shule ya kata yenye walimu watatu imemchelewesha msichana wa Sikonge kuolewa kwa miaka minne, na miaka minne hiyo ina faida kwake hata kama cheti kitakuja na divisheni sifuri.

Kuhusu uzazi wa mpango wenyewe, siasa zetu zimekuwa zikienda mbele na kurudi nyuma. UMATI, chama cha uzazi na malezi bora, ilianza kazi mwaka 1959, na waliokuwa watu wazima miaka ya 1990 wanakumbuka nembo ya Nyota ya Kijani kwenye kila zahanati. Septemba 2018, akiwa Meatu mkoani Simiyu, Rais Magufuli aliwataka wanawake waachane na njia hizo, akisema nchi inahitaji watu. Mwaka 2022 Rais Samia, akiwa Geita, alisema kinyume chake: kasi ya kuzaa ipungue, kwa sababu watoto hao watahitaji madarasa, dawa na maji. Katikati ya kauli hizo mbili, sehemu ya wanawake walioolewa wanaotumia njia za kisasa ilibaki pale pale: asilimia 32 mwaka 2015/16, asilimia 31 mwaka 2022.

Asilimia hiyo haikusimama kwa hotuba peke yake. Mama anatembea saa mbili hadi zahanati kufuata sindano ya miezi mitatu. Anaambiwa imeisha, arudi wiki ijayo. Wiki ijayo ni ya kupalilia. Akirudi, anakuta nesi ni mmoja na foleni ya kliniki ya watoto imefika barabarani. Kijiti cha miaka mitatu kingemwondolea safari hizo, lakini aliyefundishwa kukiweka yuko kituo cha afya, si pale. Na kuna maudhi halisi, damu isiyokatika au kichwa kinachouma, ambayo hakuna aliyekaa naye kumweleza. Utafiti wa 2015/16 ulikuta zaidi ya mwanamke mmoja kati ya watano walioolewa alitaka kupumzika au kuacha kuzaa na hakuwa anatumia njia yoyote. Tukianza kwa kuwahudumia hao tu, hakuna haja ya kumshawishi mtu wala kumhubiria.

Wala haifai kumlazimisha. India wakati wa hali ya hatari ya 1975 hadi 1977 iliwafunga uzazi mamilioni ya wanaume, wengi wao maskini waliokamatiwa vijijini au kunyimwa huduma hadi wakubali. Serikali ikaanguka kwenye uchaguzi, na neno uzazi wa mpango likawa tusi kwa miaka mingi. China ilianza sera ya mtoto mmoja mwaka 1980 na kuifuta 2015, na sasa inahangaika kuwabembeleza vijana wazae. Bangladesh ilipita njia tofauti. Ilipojitenga na Pakistan mwaka 1971 ilikuwa na watu wengi kuliko Pakistan, ikiwa maskini na imetoka vitani. Iliajiri wanawake waende nyumba kwa nyumba, wakizungumza na wanawake wenzao barazani, ikapeleka mikopo midogo na kuwaingiza wasichana viwandani na sekondari. Leo ina watu wapatao milioni 170. Pakistan ina zaidi ya milioni 240. Zote mbili ni nchi za Kiislamu, kwa hiyo wanaodhani dini ndiyo kizuizi watafute sababu nyingine.

Wachumi wa maendeleo hupenda kuzungumzia faida inayokuja uzazi ukishuka: kundi kubwa la vijana linaingia kazini, watoto nyuma yao ni wachache, wazee mbele yao bado ni wachache, na kwa miaka 30 au 40 taifa lina mikono mingi na midomo michache ya kulisha. Kuna waliokadiria kwamba theluthi moja ya ukuaji wa ajabu wa Asia Mashariki kati ya 1965 na 1990 ilitokana na jambo hilo. Korea Kusini ilikuwa na wastani wa watoto sita mwaka 1960. Ilishuka haraka, na kila mtoto akapata shule, na aliyemaliza shule akakuta kiwanda. Tahadhari ya upande wa pili nayo ipo: mwaka 2023 Korea ilifika wastani wa 0.72, na sasa inafunga shule za msingi. Kwetu hilo liko mbali sana, lakini linaonyesha kwamba uzazi ukishuka hauna breki za kutegemea.

Ninachoogopa ni kwamba faida hiyo inasimuliwa kama vile inakuja yenyewe. Afrika Kusini ina uzazi mdogo kuliko karibu nchi zote za bara hili, na zaidi ya asilimia 30 ya wanaotafuta kazi hawana. Kenya imeshusha uzazi na kusomesha, na Juni 2024 vijana wake, wengi wakiwa na shahada na bila ajira, walijaa barabarani kupinga Muswada wa Fedha, hadi wakaingia Bungeni. Watoto wachache waliosoma wanahitaji waajiri, mikopo, umeme wa uhakika na kodi isiyowanyonga wanaoanza. Vinginevyo fungu uliloweka kwao shuleni linageuka kuwa deni ambalo vijana wanakuja kulidai.

Uzee nao uingizwe kwenye hesabu hii. Mkulima asiye na mfuko wa hifadhi ya jamii ana pensheni moja tu, nayo ni watoto. Mwambie apunguze watoto bila kumpa kitu kingine, na atakusikiliza kwa heshima kisha afanye lake. Zanzibar ilifanya jambo la maana mwaka 2016 ilipoanza Pensheni Jamii kwa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea, shilingi 20,000 kwa mwezi, ambazo mwaka 2023 zilipandishwa hadi 50,000. Ni kiasi kidogo. Lakini ni ahadi kwamba uzee hautategemea idadi ya wana uliowazaa peke yake, na Bara haijathubutu kuitoa.

Miji yetu ndiyo itakayopokea wengi wa hao wanaokuja. Dar es Salaam ilihesabiwa kuwa na watu milioni 5.38 mwaka 2022, lakini ukubwa wake halisi unaonekana kwa jirani: mkoa wa Pwani umetoka watu milioni 1.1 hadi milioni 2 kwa miaka kumi, kwa sababu jiji limemwagikia Kibaha na Mkuranga. Watu wananunua viwanja kwa kuhesabu hatua, wanajenga, kisha barabara inatafutwa baadaye kwa kubomoa ukuta wa mtu. Kupima viwanja kabla ya watu kufika ni kazi rahisi kuliko zote zilizotajwa katika makala hii, na ndiyo inayoahirishwa zaidi.

Kuna tarehe moja ambayo nchi tayari inaijua. Kwa mtaala mpya, elimu ya msingi inapungua kutoka miaka saba hadi sita, na mwishoni mwa 2027 darasa la sita na darasa la saba watamaliza pamoja. Januari 2028 makundi mawili yataingia kidato cha kwanza siku moja, katika mfumo ambao miaka sita kabla yake ulilazimika kujenga madarasa 12,000 kwa miezi michache. Karibu nusu au zaidi ya watoto hao ni wasichana wa miaka 12 hadi 14. Wasipopata nafasi, nje kunawangoja Sheria ya Ndoa ya 1971, yenye kifungu kinachoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu ilikitangaza mwaka 2016 kuwa kinavunja Katiba, katika shauri la mwanaharakati Rebeca Gyumi, Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2019, na hadi 2024 kifungu hicho kilikuwa bado kwenye vitabu. Waraka wa 2021 uliofungua mlango kwa waliojifungua kurudi shuleni unahitaji mwalimu mkuu anayeutekeleza na bibi wa kumshikia mtoto. Hosteli za wasichana katika kata ambazo sekondari iko mbali, walimu wa kike wa hisabati na sayansi, na marekebisho ya sheria hiyo ya ndoa vinapaswa kupata mafungu yao bungeni kabla kundi hilo halijafanya mtihani.